Nyasi za Mwaloni

Sabuni ilimponyoka mara ya pili. Penina akaiokota kwenye tope, akaendelea kufua nyasi. Ndiyo, nyasi! Kijiji kizima cha Rubafu kingemcheka. Lakini zilitoka mwaloni, ufukweni mwa ziwa pale mitumbwi inapoegeshwa, na mwalo wa siku hizi, jamani, ni mifuko, chupa za plastiki, mafuta ya injini na maji ya kijani yanayonuka hadi barabarani. Kila Jumamosi alitandika nyasi mpya za kukalia sebuleni, kama mama yake alivyotandika, na kila Jumamosi alizifua kwanza. Mumewe, Apolinary, alivua katika ziwa hilo miaka arobaini. Alipopofuka macho, miaka sita iliyopita, ziwa lilikuwa bado zuri. Penina hakutaka alijue hili la sasa. Aliamini lingemuua.

Alitandika, akamshika mzee mkono, akamketisha. Apolinary akachukua nyasi chache, akanusa.

"Mama Buberwa."

"Abee, waitu."

"Hizi zinanuka shati."

Penina akacheka kwa hofu. "Shati gani tena? Pua yako imezeeka."

"Kilichozeeka ni macho. Muda wote huu unanikalisha juu ya sabuni, nakunyamazia tu. Leo niletee ambazo hujafua."

"Sileti!" Machozi yalimlengalenga. "Ziwa limeharibika, Baba Buberwa. Linanuka. Sikutaka ujue."

"Kwani upepo wa asubuhi unatoka wapi? Nimejua siku nyingi."

Penina alikaa chini. Kumbe mateso yote yale ya bure!

"Mama yangu alipougua kidonda," Apolinary alisema taratibu, "alinuka nyumba nzima. Wewe ulikuwa bi harusi wa mwezi mmoja. Ulikuwa unalala wapi?"

"Pembeni yake."

"Haya. Nenda kalete."

Alirudi na mzigo kichwani, maji ya kijani yakimchuruzika shingoni. Aliondoa zile nyasi safi, akatandika hizi. Harufu ilijaa chumba. Mzee alikohoa, akapapasa, akachomoa kipande cha mfuko uliooza, akakiweka kando kwa uangalifu. Hakuketi. Alijilaza chali, akavuta pumzi ndefu.

"Mh! Linanuka kweli, maskini," alisema.

Kisha akasogea upande wa ukuta, akaacha nafasi. Penina akavua kandambili.