Ann Yupi?

Watatu, shoga, watatu! Siyo mmoja! Miaka yote hii watu wanamcheka marehemu mwandishi wa watu, kumbe wa kuchekwa ni sisi wasomaji.

Ngoja, nimeanzia mkiani. Unamkumbuka Rowena Sugden, niliyesoma naye chuo Leeds, yule asiyejua kuchemsha yai lakini riwaya za enzi za Malkia Victoria anazijua kama sala? Ameandika kitabu. Kamchukua Ann, mtumishi wa ndani kwenye ile riwaya ya zamani, Kasri la Harkwith. Ann anaingia na sinia la chai, anatoka, basi, hakuna hata anayemuuliza kama amekula. Rowena akasema huyu naye ni mtu, mimi nitampa maisha yake. Kaandika mwaka nenda mwaka rudi. Mchapishaji kakipenda, mpaka juzi mhariri wake, Bi Farrant, alipompigia simu.

"Mpenzi, huyu Ann wako ni yupi? Mwanzoni mwa Harkwith ni mrefu, nywele nyekundu, barua anampelekea mpishi amsomee. Katikati nywele nyeusi, na anamsomea gazeti bwana mkubwa. Mwishoni kawa mfupi hafikii pazia. Mwandishi alijisahau, sawa, ameshakufa, nani atamuuliza? Wewe uko hai. Wapenzi wa Harkwith watatutafuna. Nipe jibu kabla ya Jumatatu, la sivyo kitabu tunakiacha."

Nikamkuta Rowena kwake, nywele timutimu.

"Kusoma nimekuweza," akaniambia. "Kajifunza kwa siri. Nywele nazo, kaugua homa zikanyonyoka, zikaota nyeusi. Ila kimo, Bryony. Mtu mzima anafupikaje?"

"Labda walimfua kwa maji ya moto, akasinyaa kama sweta."

Hakucheka. Hapo nikajua hali ni mbaya. Basi leo Jumapili nikamburuta mpaka kwa shangazi yangu Maureen, huku Skipton, maana mtu hawezi kufikiri vizuri bila nyama ya kuoka na mchuzi mzito.

Tumekaa mezani, mbwa akampandia Rowena mapajani.

"Baxter, shuka," shangazi akafoka. "Mgeni hajala, wewe unamlamba."

Rowena akamtazama yule mbwa. "Shangazi, Baxter si alikuwa mweusi?"

"Huyo alikuwa Baxter wa kabla ya huyu. Na kabla yake kulikuwa na Baxter anayechechemea."

"Wote Baxter?"

"Mwanangu, kwa umri huu nianze kukariri majina kwa ajili ya mbwa? Kitanda kile kile, bakuli lile lile, jina lile lile. Kula viazi vyako."

Shoga, uma ulinitoka mkononi. Nikakumbuka mhadhara mmoja chuoni, ule niliousikiliza nusu huku nikipaka rangi kucha. Matajiri wa enzi zile jina walilitoa kwa kazi, siyo kwa mtu. Binti anafika na jina alilopewa na mama yake, bibi wa nyumba anamwambia, hapa wewe ni Ann. Akiondoka, anakuja mwingine, na yeye Ann.

"Rowena," nikasema, "hakufupika. Aliondoka."

Kijiko chake kikabaki hewani, kinadondosha mchuzi kwenye kitambaa cha shangazi. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa hicho hicho. "Yule mzee," akasema. "Bwana mkubwa, siku anayokaribia kufa. Binti anaingia na mshumaa, mzee anauliza, 'Ann yupi wewe?' Wote tumesema kachanganyikiwa."

"Kumbe ndiye pekee aliyekuwa akiwatazama."

"Nani kafa?" akauliza shangazi. "Mbona mnalia mezani?"

Rowena akampigia Bi Farrant hapo hapo, siku ya mapumziko, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumvamia mtu bafuni. Akaeleza yote, pumzi inakatika. Kule nikasikia kikombe kinawekwa kwenye kisahani.

"Kwa hiyo huna kitabu kibovu," mama yule akasema mwishoni. "Una theluthi ya kitabu kizuri. Hatukiachi. Kaandike hao wengine wawili. Lakini niambie, kabla hawajawa Ann, waliitwaje?"

Basi mchana kutwa tumefanya kazi hiyo, na shangazi kaingilia kati. Yule mrefu ni Keziah, hatukubishana. Yule msoma gazeti ni Dorcas, ingawa shangazi anadai ni jina la ng'ombe. Huyu mfupi wa mwisho ndiye kasheshe. Rowena kampata ghafla tukiwa tunaosha vyombo, kaacha sahani kwenye povu, kajifungia chumba cha juu. Kagoma kunitajia mpaka amalize ukurasa wake wa kwanza, na mpaka sasa namsikia anacheka peke yake.

Kesho nampelekea chai na mkate wa siagi, nakaa mlangoni, sitoki. Jina likinidondokea tu, na wewe nakumwagia hapo hapo.