Siku Kumi na Moja za Jovini

Kiwiko cha Jovini kilikuwa kimezama ndani ya ndoo ya barafu, naye alikuwa akiwatazama kupitia kioo cha mlango kocha na daktari wa timu wakizungumza huku wamempa mgongo. Chumba kilinuka dawa ya kuchua na soksi mbichi. Hakuhitaji kusikia neno hata moja. Mwili wake ulikuwa umejadiliwa na watu wengi kwa miaka mingi, kiasi kwamba aliweza kusoma habari mbaya kwenye mabega ya mtu.

Mshipa wa kiwiko ulikuwa umechanika tena. Angeweza kupasuliwa, akae mwaka mzima bila kugusa mpira, kisha ajaribu upya akiwa na miaka thelathini na tatu. Au angeweza kuacha.

"Usinijibu leo," kocha alimwambia alipoingia. "Nitakusikiliza Jumatatu."

Jovini akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na uchovu ambao usingizi hauuwezi.

Besiboli ilimkuta akiwa na miaka kumi na mitatu, alipofika Louisville, Marekani, na mama yake Spés na dada yake Fides. Wazazi wake walikuwa Warundi. Yeye na Fides walizaliwa katika kambi ya Mtabila, Tanzania. Waandishi wa habari walipenda kuandika kwamba alijifunza kurusha kwa kuwinda ndege kambini kwa mawe. Hakuwahi kuwinda ndege. Alijifunza kwenye uwanja wa shule, mtaa wa Okolona, kutoka kwa mwalimu wa hesabu aliyeutazama mkono wake mrefu na kumpa mpira aushike. Mwanzoni alijaribu kuwasahihisha waandishi wale, halafu akawaachia hadithi yao.

Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mtu mwenye gongo, kwa kasi na hila, ili yule mtu apige hewa. Kwa miaka tisa aliifanya kazi hiyo katika timu za daraja la chini, mingi kati ya hiyo huko Columbus, alikopanga chumba katika nyumba kuukuu ya mtaa wa Linden na kungoja ligi kuu imwite. Ikamwita kiangazi cha mwaka juzi, mrushaji mmoja wa timu kubwa alipoteguka kifundo cha mguu.

Alimpigia simu mama yake, aliyekuwa kazini kwenye ghala. Nyuma ya sauti yake mikanda ya kubebea maboksi ilikuwa ikinguruma.

"Mama, wameniita."

"Ndiyo ile uliyokuwa ukiingoja?"

"Ndiyo ile."

"Bwana asifiwe. Umekula?"

Alikaa ligi kuu siku kumi na moja. Siku sita za mwanzo alikalia benchi, akila mbegu za alizeti na kuwatazama watu ambao hadi juzi aliwaona kwenye televisheni tu. Siku ya saba wakamtoa benchini, awakabili wapigaji wanne. Wa nne aliupiga mpira ukavuka ukuta na kupotelea kwenye kelele za watu. Siku ya kumi wakamrudisha uwanjani, akawakabili watatu, na wote watatu akawashinda. Asubuhi iliyofuata yule mwenye kifundo alikuwa amepona. Walimshukuru Jovini, wakampa mkono, wakamrudisha Columbus. Alizima simu yake siku tatu, kwa sababu hakujua angewaambia nini watu wa nyumbani.

Alipoiwasha, mama yake alimuuliza habari za afya, akamwambia kwaya ilikuwa imepata sare mpya. Hakugusia zile siku. Hakuzigusia mwezi uliofuata, wala Columbus ilipomwacha, wala timu ya Buffalo ilipomchukua. Taratibu Jovini akajiaminisha kwamba Spés hakuelewa kilichotokea, au alielewa na akaona haya. Dhana hizi mbili zilimchosha sawasawa.

Huko Buffalo alikaa kwa Mkongo mmoja aitwaye Bagula, mwenye nyumba ya orofa mbili upande wa magharibi wa mji. Bagula hakuujua mchezo, lakini kila mgeni aliyepanda ngazi zake alimwelekeza kwa mpangaji wake kwa kidole. "Huyu njo alichezaka na bakubwa," alisema kwa Kiswahili cha Kongo, akimaanisha wakubwa wa ligi kuu. "Donc, kwa hiyo mumuheshimie." Jovini alitabasamu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wapigaji saba. Alijiona kama mtu anayesifiwa kwa harusi aliyoipita njiani.

Jioni ile ya barafu alimpigia Fides simu, akamweleza habari ya kiwiko. Kisha, bila kupanga, akasema, "Angalau mama hatasumbuka. Hajawahi hata kuniuliza nilicheza vipi."

"Unajua siku ile ya kumi na moja tulikuwa wapi?" Fides akauliza.

"Sijui."

"Uwanjani. Mama aliomba ruhusa kazini, nikamwendesha zaidi ya saa tano. Alitaka kukushtukiza. Tulipokaa nikakutafuta kwa macho, nikakupigia simu mara tisa. Ilikuwa imezimwa. Mwishowe mhudumu wa jukwaani akaniambia umeondoka asubuhi."

Jovini akakaa kitandani.

"Nikamwambia mama twende nyumbani. Akakataa. Akakaa na gauni lake la kanisani mpaka mtu wa mwisho alipotoka uwanjani. Njiani akanikataza nisikwambie."

"Mbona unaniambia leo?"

"Kwa sababu umesema hatasumbuka," Fides akajibu. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka, kama ya Jovini.

Jumamosi alishika njia ya nyumbani kwa gari alfajiri. Aliipita Columbus bila kusimama, ingawa aliliona jengo la uwanja kwa mbali, na saa tisa alasiri akaingia Okolona. Spés alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kiti cha plastiki, akichambua maharage kwenye sinia. Shati la kazi lilikuwa bado mwilini. Alikuwa amezeeka kuanzia kwenye vidole.

"Karibu, mwanangu. Mkono vipi?"

"Umeharibika, mama." Akaketi chini karibu naye. "Fides ameniambia kuhusu uwanjani."

Spés aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa majanini.

"Huyo mtoto hafichi kitu."

"Ulikaa mpaka mwisho kufanya nini? Sikuwapo."

"Alitoka kijana mmoja kurusha, mrefu kama wewe. Watu wakamzomea. Nikasimama nikampigia makofi."

"Ulidhani ni mimi?"

"Nilijua si wewe. Nakujua mpaka mgongo." Akatikisa sinia. "Lakini nilikuwa nimekwenda kupiga makofi."

Jovini alitaka kuomba radhi, akachukua kijiwe kimoja kwenye sinia. Aliyatazama maharage.

"Mbona hukuniuliza kitu mwaka mzima na zaidi?"

"Ulizima simu, Jovini. Mtu akifunga mlango, mimi ni nani niusukume? Nilisema atafungua mwenyewe. Nikangoja." Akashusha pumzi. "Umenichosha kungoja."

Mbwa wa jirani alibweka mara mbili, akanyamaza. Ndipo Jovini akaanza kumwambia habari za wale wapigaji wanne. Wa kwanza alikuwa bwana mnene mwenye ndevu, alimshinda kwa mipira mitano. Wa pili, yeye mwenyewe alimpa nafasi kwa uzembe. Spés akamkatiza kila mara: uliogopa? Huyo wa tatu alikuwa mkubwa kwako? Alipofika kwa yule wa nne alisita, kisha akaeleza jinsi mpira ulivyopaa, na jinsi alivyojua kabla haujafika, kwa sauti tu ya gongo. Akataja pia watatu aliowashinda siku ya kumi.

"Na hao watatu, uliwashindaje?"

"Wote nilianza nao hivi," akasema, akafungua kiganja na kupanga vidole juu ya mpira usiokuwapo.

Spés akaweka sinia chini. "Sielewi ukiwa umekaa. Simama unionyeshe."

"Mkono hautaki, mama."

"Polepole."

Akasimama, akarudi nyuma hatua kadhaa kwenye majani makavu, akageuka ubavu. Kiwiko kilimchoma alipokikunja tu. Spés alikinga macho kwa kiganja, akainamisha kichwa huku na huku.

"Sogea kushoto kidogo," akasema. "Jua linanipiga, sikuoni."

Jovini akasogea kushoto, akauinua mkono.