Maboksi ya Kijani

Shirika la reli lilipokata shauri kung'oa taa zake kuukuu za kuongozea treni na kufunga mpya, zile zinazoongozwa kwa kompyuta kutoka chumba kimoja, kazi ya kupima ni mtengenezaji gani wa kuaminiwa ilimwangukia mwanamke mmoja wa idara ya usalama wa mtandao. Kazini walimwita Mkaguzi, hata wale waliolijua jina lake. Kwao alikuwa Kitinda, maana ndiye aliyefunga tumbo la mama, na waliobaki kumwita hivyo duniani walikuwa wawili tu: kaka yake na mke wa kaka yake.

Shida ilianzia hapo hapo. Kaka alikuwa fundi wa kampuni mojawapo kati ya zilizotaka kazi hiyo. Alikuwa ameanza nayo angali kijana, akazeekea humo, na mshahara wake ndio uliomsomesha mdogo wake baada ya wazazi kufariki. Kwa hiyo siku alipokabidhiwa kazi, Mkaguzi alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi.

"Bosi, mimi nina ndugu kule," alisema. "Ndugu wa tumbo moja. Mpe mtu mwingine."

Mkurugenzi alivua koti, akalitundika nyuma ya kiti, akakaa. "Mtu mwingine nani? Idara nzima ni wewe na Miwani. Na Miwani nikimwacha peke yake atasahau hata kwenda nyumbani. Liandike hilo la ndugu, nitie sahihi, uendelee na kazi."

Akaliandika, likatiwa sahihi, akaendelea.

Watengenezaji walikuwa watatu, na kwa kuwa majina yao yalikuwa marefu ya kuchosha ulimi, Miwani aliwabandika majina ya rangi za maboksi yao ya kuendeshea taa. Wa Bluu walikuwa wakubwa, wana viwanda huko na huko, wanakuja kwenye mkutano wengi kama waliokuja kuposa. Wa Kijivu walijibu kila swali kupitia mwanasheria. Wa Kijani ndio kampuni ya kina kaka: ndogo, ya hapo hapo mjini, na karakana yake ilikuwa nyuma ya banda la injini, mahali ambapo ukipita asubuhi unasikia nyundo na redio kwa pamoja.

Chumba cha majaribio kilikuwa zamani kantini ya wafanyakazi, na ukutani bado palionekana alama za mafuta juu ya pale lilipokuwa jiko. Humo walipanga maboksi kwenye rafu za chuma, wakayaunganisha na ubao wenye reli ya mfano, na taa nyekundu, njano na kijani. Wakakaa kufanya kile ambacho mdukuzi angefanya, yaani kutafuta pa kuingilia. Na wakauliza maswali. Mtu akiwaambia kifaa chenu kina tundu, mnamsikiliza au mnamshitaki? Mkijua tundu lipo, mnachukua muda gani kuliziba? Nani kwenu anaweza kuingia kwenye boksi akiwa mbali, na mnajuaje kuwa ni yeye?

Wa Bluu walikuwa na majibu mazuri, ila walikuwa wazito. Jambo la kuzibwa kesho kwao lilipita meza kumi kwanza. Kwa wa Kijivu waliambulia patupu. Na wa Kijani, kinyume na walivyotarajia wote, walikuwa wakifanya vizuri. Boksi lao lilikuwa rahisi, halina mapambo, na kila mlango waliougonga waliukuta umefungwa.

"Hawa watu wa kwenu si mchezo," Miwani alisema siku moja, akifuta lenzi kwa ncha ya shati. "Wakiendelea hivi wanachukua namba moja."

Mkaguzi alifurahi moyoni, kisha akaiogopa ile furaha, akarudia vipimo vya siku hiyo vyote tangu mwanzo.

Jumapili iliyofuata, mchana, kaka alifika kwake bila kupiga simu. Alivua viatu mlangoni, akaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Kitinda."

"Wifi anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo. Miguu imemvimba tena. Keshokutwa anarudi kwenye mashine."

Wifi alikuwa na ugonjwa wa figo. Kila wiki alikuwa akienda kusafishwa damu katika hospitali ya binafsi, na aliyelipa ni bima ya kampuni ya mumewe. Bila bima ile, ingebidi kusubiri zamu kwenye hospitali kubwa ya umma, ambako mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi.

Kaka alikataa chai. Alikaa akiviangalia viganja vyake, na mdogo wake akajua kuna jambo. Akawahi kabla hajaanza.

"Kaka, kama ni mambo ya kazi, usiniulize. Nakuomba."

"Siulizi. Nimekuja kusema." Akajikohoza. "Lile boksi letu lina mlango mwingine."

"Mlango gani?"

"Wa matengenezo. Sisi mafundi tukilifungua, kuna neno la siri tunaingiza, tunaliamuru taa iwake tunavyotaka, tujue kama inafanya kazi. Neno hilo ni moja kwa maboksi yote. Limechomewa ndani huko huko kiwandani, hulibadilishi. Kila aliyewahi kufanya kazi pale analijua, hata waliofukuzwa."

"Wakubwa zenu wanajua?"

"Niliwaambia. Mara ya kwanza wakasema watalishughulikia. Mara ya pili wakaniuliza kama nimechoka na kazi." Kaka akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Na mimi nikanyamaza, kwa sababu zamani halikuwa na madhara. Ulitakiwa uende mwenyewe hadi kwenye boksi, porini, na funguo mkononi. Lakini sasa nyie mnataka kuyaunganisha yote. Mtu atakaa chumbani kwake, hata nchi nyingine, awashe kijani mahali penye treni."

Watoto walikuwa wakicheza mpira nje, na mpira ukagonga ukuta wa nyumba.

"Kaka, unaelewa nikilijaribu hilo kitatokea nini?"

"Naelewa."

"Hamna mteja mwingine. Mtamwaga unga karakana nzima."

"Naelewa, Kitinda."

"Na wifi je?"

Kaka aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, ila sauti ilikuwa ile ile aliyoitumia zamani kumwamsha aende shule. "Wifi yako ndiye aliyenituma. Nilishindwa kukaa nalo, nikamwambia. Akanyamaza kutwa nzima. Baadaye akaniambia, nenda kwa Kitinda, yeye atajua la kufanya."

Mkaguzi alitamani sana, siku ile na siku nyingi baadaye, kama angekuwa hajui la kufanya. Lakini alijua.

Jaribio lilifanyika mbele ya wawakilishi wa kampuni, kama utaratibu ulivyotaka. Walikuja meneja wa Kijani na mhandisi wake, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wana uso wa watu waliokwisha kusikia habari njema. Miwani aliweka treni ya mfano kwenye reli. Taa nyuma yake ikawaka nyekundu, kama inavyopasa. Kisha Miwani akatoka, akaenda na kompyuta yake chumba cha pili, upande wa pili wa ukumbi, akaingia kwa mlango wa matengenezo, kwa neno lile la siri.

Nyekundu ikawa kijani. Treni ilikuwa imesimama pale pale.

Mhandisi alisogea, akalishika boksi kwa mikono miwili kama mtu anayempima mtoto homa. Meneja hakulitazama boksi. Alimtazama Mkaguzi.

"Nani kawaambia?"

"Kazi yetu ni kujaribu milango," alisema Mkaguzi. "Huu tumeukuta wazi."

"Mimi sijauliza mmeukutaje. Nimeuliza nani."

Hakukuwa na haja ya kumjibu. Meneja alikuwa anajua ni fundi gani aliyewahi kulisema jambo hilo ofisini kwake, na alimjua ndugu wa fundi huyo.

Katika ulinganisho uliokwenda kwa mkurugenzi, Bluu ilishika nafasi ya kwanza, Kijivu ikafuata, Kijani ikawa ya mwisho. Meneja aliomba apewe muda wa kurekebisha. Mkurugenzi akamwambia muda walikuwa nao. Kazi ikaenda kwa Bluu, na msimu ule ule karakana ya nyuma ya banda la injini ikafungwa. Vyombo vilipigwa mnada, redio ikanyamaza.

Kaka hakusema na mtu kuhusu alichokifanya, na Mkaguzi naye alifunga mdomo. Lakini habari ilishatembea. Siku ya mwisho ya kazi, mafundi walipoagana, kila mmoja alimpa mkono mwenzake na kumruka kaka. Aliyemuuma zaidi ni mchomeleaji, rafiki yake wa tangu ujana, mtu ambaye walizoea kugawana sahani moja. Huyo alimsogelea, akamwambia taratibu, wengine wakisikia:

"Ungetuambia sisi kwanza. Tungeona la kufanya. Umetuuza kwa dada yako."

"Sikuuza kitu," kaka alisema.

"Basi umetoa bure. Ni vibaya zaidi."

Wote wakampa mgongo.

Bima ilikoma pamoja na kazi. Mkaguzi alihangaika. Alimwandikisha wifi yake kwenye hospitali ya umma, akawahi foleni yeye mwenyewe kabla ya kwenda kazini, akabembeleza wauguzi, akakosana na mmoja, akaenda kumwomba radhi. Zamu zilipatikana, ila si zote. Kuna wiki mashine iliharibika, na kuna wiki waliambiwa warudi kesho, na kesho yake wakaambiwa hivyo hivyo. Wifi alikuwa akikaa kwenye benchi la ukumbini amejitanda khanga, akiwatania wagonjwa wenzake.

"Wifi," alimwambia siku moja, "usiniangalie hivyo. Unanitazama kama hesabu iliyokukataa."

"Nisamehe, wifi."

"Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyemtuma. Nina wajukuu wanaopanda hayo matreni." Akaufunga mkono wa mwenzake ndani ya wake. Ulikuwa wa baridi. "Wewe mwangalie kaka yako tu. Yule si wa kukaa peke yake, hata chai anaunguza."

Alifariki asubuhi, kwenye zamu aliyoipata, mashine ikiwa inafanya kazi vizuri kabisa. Daktari alisema moyo ulichoka. Huenda ungechoka hata kule kwenye hospitali ya binafsi. Hakuna aliyejua, na Mkaguzi alijua kwamba hatajua kamwe.

Msibani walikuja majirani, walikuja ndugu, alikuja Miwani na mkurugenzi. Watu wa karakana kaka aliwawekea viti. Aliwapanga mwenyewe upande wa kivuli, safu nzima, na kila gari liliposimama nje alinyoosha shingo. Watu wapya walipokosa pa kukaa, mtu mmoja akataka kuvichukua vile viti.

"Viache," kaka alisema. "Hivyo vina wenyewe."

Hawakuja. Jua lilihama, kivuli kikaviacha, vikabaki vinapigwa na jua, vitupu. Mkaguzi alishindwa kuendelea kuvitazama, akatoka nje, na hapo ng'ambo ya barabara akamwona mchomeleaji amesimama kando ya ukuta, kofia mkononi. Akamfuata.

"Karibu ndani, ndugu yangu. Kaka atafurahi."

Mchomeleaji akatikisa kichwa. "Sikuja kwa ajili yake. Nimekuja kwa shemeji. Yule mama amenilisha miaka na miaka, hakuwahi kuniuliza nimekuja kufanya nini."

"Ingia basi, umuage."

"Nimeshamuaga, hapa hapa." Alikuwa ameanza kulia, na alilia bila kujificha, machozi yakimfuata mikunjo ya uso. "Mwanangu wa kwanza ameacha chuo. Nasema hivyo si kwa kukulaumu. Najua taa ile ingeua watu. Kila nikilala najua. Lakini nikimwona kaka yako, namwona mtoto wangu amekaa nyumbani. Nifanyeje?"

Mkaguzi alisimama naye hadi alipovaa kofia na kuondoka.

Siku walipokuwa wakipanga nguo za marehemu, alimweleza kaka kwamba rafiki yake alikuja. Kaka alikuwa anakunja gauni, akaacha katikati.

"Alisema nini?"

"Alimlilia wifi."

"Na mimi?"

Angeweza kumdanganya. "Bado, kaka," alisema. "Bado hajaweza."

Kaka akatikisa kichwa, akaendelea kukunja. Baada ya muda alisema, "Hata ningerudishwa nyuma ningekuja tena kwako Jumapili ile. Nimejiuliza sana, na jibu haligeuki. Ila nilidhani mtu akifanya linalopasa, moyo unatulia. Sijui nani alinidanganya."

Wa Bluu walimtafuta, wakamtaka akawafundishe vijana wao njia ya reli. Alikataa, alisema watu watasema ndiyo malipo yake. Mwishowe akahamia kwa binti yake, mji mwingine, na huko hushinda barazani akitengeneza pasi na feni za majirani.

Mkaguzi humpigia simu kila Jumapili. Huulizana hali, huulizana mvua, na kaka humweleza ni kitu gani alichotengeneza wiki hiyo. Mara nyingine wote wawili hukaa kimya na simu sikioni, mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka mjukuu aje kumwita babu akale.