Mberoshi wa Mzee Okiria

Benedetta alifikicha jani la ule mti, akainusa harufu yake, akasonya. Saipresi! Muda huu wote amebembeleza saipresi, na Chakol nzima imezungushiwa ua wa saipresi.

Mumewe, marehemu Okiria, alikuwa mtunza bustani kule Limuru. Aliporudi nyumbani na ugonjwa, alileta mbegu za mberoshi, mti wa nchi za baridi usiopatikana Chakol. "Mnipandie mmoja hapo kichwani," alisema. Benedetta akazisia kando ya saipresi zake za kuuza. Mvua ikapiga, kitalu kikachanganyika. Miche ikiwa midogo, yote ina majani kama sindano, utaijuaje? Akafanya kama wafanyavyo watu wote wa vitalu: akaiacha yenye nguvu, akang'oa vibeti. Sasa ule aliouchagua uwe wa mzee umekua, na sindano zimegeuka magamba ya saipresi. Na Jumamosi padri anakuja kwa misa ya kumbukumbu, mti upandwe kaburini.

Kibeti kimoja alikuwa amekiomba jirani yake, Roselida. Benedetta akaenda mbio.

"Kipo kwenye kopo, nyuma ya jikoni," Roselida alisema. "Hakikui, kikaidi hicho. Lakini Mama Terry, usinitolee macho. Krismasi ilipofika nilikikata kichwa, nikapamba meza."

"Kichwa?"

"Si sote tunakata? Ulishaona saipresi ikifa kwa kukatwa?"

Benedetta akachuchumaa. Jani lilikuwa bapa, moja moja, na chini lina mistari miwili myeupe. Alipolichomoa, likaacha kovu la duara, laini, vile vile Okiria alivyomwambia. Ndio wenyewe! Ila juu, kwenye ncha ambayo mti hurefukia, palikuwa na kisiki.

"Roselida, huu si saipresi. Ukikatwa hapa unakaa hivyo hivyo, unapanuka kama sufuria."

"Basi mzee amepata mti wenye kipara. Na yeye si alikuwa na kipara?"

Benedetta hakucheka. Alitamani kumrushia hilo kopo. Alijikasirikia pia, maana ni mikono yake iliyoung'oa.

"Nipe spoku."

"Ya nini?"

"Ya baiskeli ya mzee wako. Na kipande cha tyubu."

Akaichomeka spoku kwenye udongo, akashika tawi moja la pembeni, akalinyanyua polepole lisije likavunjika, akalifunga lisimame wima.

"Hili ndilo litakuwa kichwa."

"Lini?"

"Nitajuaje? Mti wenyewe hauna haraka."

"Jumamosi watu watacheka, kaburi na spoku!"

"Wacheke. Padri ataubariki ukiwa na bandeji yake." Benedetta akajitwika kopo. Langoni akageuka. "Na Krismasi, Roselida, nikikuona kwangu na panga, hata ukiwa umekuja kunikatia nyama, tutakosana."

Njia nzima aliusemesha ule mti, akiugombeza kwa nini haukujitambulisha mapema.