Kijani cha Fundi Rangi

Kwenye ghala la mawe walimwita Fundi Rangi, na jina likamkaa. Kila jiwe lililotoka machimboni alilichovya majini, akalipeleka dirishani, akalitajia rangi kwa neno moja, lile lile jana na leo. Kadi za rangi za kulinganishia zilikuwa mezani, lakini hakuwa akizigusa tena. Aliona kadi ni za wanaojifunza. "Jiwe moja likiwa na rangi mbili kwa watu wawili," alipenda kusema, "mmoja wao haoni."

Ghalani maneno hayo yalimpa heshima. Nyumbani yalimkosesha mke.

Mke alileta mapazia mapya, akayaita ya samawati. Fundi Rangi akasema ni ya kijani. Mke akacheka, akidhani ni utani. Mzee akainuka, akakata kipande cha pindo kwa mkasi, akakilowesha, akakipeleka dirishani, akatoa hukumu: kijani. "Mwenye macho haambiwi tazama," akaongeza, na majirani wanasikia. Mama wa watu alikwisha sahihishwa kuhusu chumvi, kuhusu njia ya sokoni, hata kuhusu umri wake mwenyewe. Akafunga virago kwenda kwa dada yake.

"Siku utakayoweza kuniambia nimepatia," alisema mlangoni, "niite. Nitarudi."

Watoto walikwisha kwenda na maisha yao. Mzee akabaki na sufuria moja, na redio ya kubishana nayo. Upweke ulimtafuna, na neno lenyewe lilikuwa fupi tu, lakini angelisemaje na mapazia ni ya kijani?

Miaka ikapita, kisha ghala likamletea mhakiki wa kupima rangi pamoja naye, mama mmoja mpole. Utaratibu ulikuwa kila mmoja ataje rangi kabla ya kusikia ya mwenzake. Mzee akasema kijani, mama akasema samawati. Jiwe la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo.

"Umechoka, dada," mzee akamwambia.

"Huenda," mama akajibu. Akachomoa kadi moja, akafunika jina lake kwa kidole gumba. "Na hii?"

"Kijani."

Mama akaondoa kidole, akageukia dirishani ili asimtazame mwenzake akisoma.

Daktari alikuta mtoto wa jicho kulia na kushoto, wa miaka mingi. Kioo cha jicho kimeingia umanjano, alieleza, na samawati ikipita humo hugeuka kijani. Mzee akatania kwamba kumbe mtoto mmoja alibaki nyumbani. Daktari hakucheka. Wakamfanyia upasuaji, jicho moja kisha la pili, na aliporudi kazini yeye na mhakiki walianza kulowesha upya mawe ya miaka yote hiyo, safari hii kadi zikiwa mkononi. Hilo halikumuuma sana, kwa kuwa jiwe halina kinyongo.

Kilichomuuma kilikuwa kimening'inia sebuleni. Alisimama mbele ya mapazia mpaka chai ikapoa. Samawati tupu. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona furaha, maana sasa neno analo. Akafagia, akanunua kikombe cha pili, ndipo akapiga simu.

"Umepatia," akasema. "Ni samawati."

"Nini samawati?"

"Mapazia."

Nyuma ya mke palikuwa na vicheko na vyombo vikigongana. "Mapazia yapi, baba watoto?"

Hakuwa akimdhihaki. Aliuliza kweli. Mzee akaanza kumwelekeza: ya sebuleni, yale niliyokata pindo, yale uliyo...

"Aa, yale. Yalikuwa ya kijani, si ndivyo ulivyosema?"

"Hapana. Ni samawati. Wewe ndiye uliyesema."

"Haya," mke akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali yaishe. "Umepatia."

Akamwomba radhi, mboga zilikuwa motoni, wangeongea siku nyingine.