Nilivyomsomea Wanjugu

Binti yangu Debra alimzaa mtoto wake bila mume, kwa hivyo jina lilitoka upande wetu. Mtoto akaitwa Wanjugu, kama mimi. Kwetu mtoto mwenye jina lako si mjukuu tu, ni wewe mwenyewe umerudi ukiwa mdogo. Debra akifurahi humwita mtoto "mami", na mtoto akifanya utundu majirani, ambao huniita Shosho, yaani bibi, hunigeukia mimi. "Shosho, hiyo tabia ni yako hiyo." Nami huwajibu, "Basi tusameheni sote wawili."

Tunaishi Woodley, katika nyumba zile za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji. Debra ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja isiyo mbali na hapo, na ndiye anayesimamia mambo ya kusoma shule nzima. Alipoanza kazi hiyo kulikuwa na watoto wa Gredi ya Tano waliotazama ukurasa kama mtu anavyotazama ukuta. Debra akaweka utaratibu wake. Kila mwezi mwalimu anaketi na kila mtoto peke yake, anamsikiliza akisoma kwa dakika moja, halafu mtoto anapelekwa kwenye kundi linalomfaa. Kama hajui silabi, atakaa na wanaoanza silabi, hata kama magoti hayaingii chini ya meza. Na kila jioni asome kitabu kidogo nyumbani, mkubwa wake atie sahihi kwenye karatasi. Wazazi walilalamika. Walimu walinung'unika, wakasema huyu mama anatuongezea kazi. Lakini miaka miwili ikapita na watoto wakasoma, na Debra akaanza kuitwa kwenye mikutano kuwaeleza wengine alivyofanya.

Karatasi ya Wanjugu, aliyesoma shule hiyo hiyo, nilitia sahihi mimi. Debra alifika nyumbani saa moja na nusu, miguu imevimba, na kabla ya kuvua viatu aliuliza, "Mami amesoma?"

"Amesoma."

"Vizuri?"

"Kama mtu anayekunywa maji."

Na kwa masikio ilikuwa kweli.

Ilianza akiwa Gredi ya Pili. Jioni moja alikaa na kitabu chake mezani, akalia mpaka kwikwi ikamshika. "Shosho, mimi sioni kinasema nini." Mimi niliacha shule darasa la nne, na nilichobeba kutoka huko ni ile asubuhi mwalimu alinisimamisha mbele ya ubao mpaka nikajikojolea, darasa zima likitazama. Sikutaka mwenye jina langu apitie pale. Nikavuta kiti nikamwambia, "Ngoja, nisome mimi kwanza, wewe unifuate." Ndivyo tulivyofundishwa sisi, mwalimu anatamka, darasa linaitikia. Nikasoma na kidole, polepole, yeye akasema baada yangu. Mara ya tatu alikuwa ameshika ukurasa mzima, hakuacha hata nukta. Uso wake ukafunguka. Nikatia sahihi.

Kesho yake tukafanya hivyo hivyo. Tukafanya miaka miwili. Mimi watu hunisifu kwa subira, na ni kweli, naweza kumngoja mtu mpaka yeye mwenyewe achoke. Niliwaza kusoma kutamjia tu, kama meno yanavyokuja.

Halafu siku moja, akiwa Gredi ya Nne, nilikuwa nakoroga uji nikamwonyesha pakiti ya unga. "Hebu nisomee hapo, nimeacha miwani." Wanjugu hakuitazama pakiti. Alinitazama mdomo. Alikaa hivyo, macho yamenasa kwenye mdomo wangu, akingoja neno litoke alishike. Hapo nilijua. Nikasema, "Wacha, nimeiona," nikaendelea kukoroga.

Jumapili moja mchana mwalimu mkuu wao alikuja kututembelea. Anaitwa Harleen, ni mama wa Kikalasinga aliyezaliwa papa hapa Nairobi, mcheshi, na Kiswahili chake kinashinda changu. Alileta sanduku la ladu, zile tamutamu za Kihindi, akaketi akala nyingi kuliko sisi.

"Shosho, usiniangalie hivyo, daktari amenikataza lakini daktari hayuko hapa." Akafuta vidole. "Debra, ule mkutano wa Westlands ni Ijumaa. Walimu wakuu sitini. Tutazungumza vile shule inaongozwa ili watoto wasome. Sasa mimi sitaki tupeleke mtoto wa kuchaguliwa, watasema tumemfundisha kama kasuku. Tupeleke huyu." Akamshika Wanjugu shavu. "Mtoto wako mwenyewe. Waone hata nyumbani kwako kazi iko."

Debra alicheka, akainamisha uso kama msichana aliyesifiwa. Wanjugu aliacha kutafuna. Ladu ilibaki shavuni.

Mgeni alipoondoka Debra akaanza kupiga pasi nguo za wiki, anaimba chini chini. Niliona ndiyo nafasi. Nikasimama mlangoni.

"Debra."

"Yes, mum." Aliweka pasi chini, akanitazama kabla sijasema. "Unajua nilikuwa nafikiria nini? Nikiwa mdogo nilikuwa naogopa watu wajue mamangu hakumaliza hata primary. Nilikuwa nawaambia uliacha form two. Nisamehe. Na sasa ona. Mimi nazunguka nikifundisha watoto wa watu, wangu umemsomesha ni wewe. Asante, mum. Sijawahi kukuambia."



"Ulikuwa unataka nini?" akauliza.

"Nilitaka kujua kama utakula chapati au mukimo."

Siku nne zilizobaki tulikaa na hadithi ya kuku wa Mama Nzula, ndiyo Debra alikuwa ameichagua. Nilimwonyesha Wanjugu mahali pa kugeuza ukurasa, kwamba akimaliza kusema "akamtafuta chini ya kitanda" ndipo ageuze, na asigeuze haraka. Alishika. Alhamisi akaniuliza, "Shosho, na wakinipea ingine?"

"Hawatakupa nyingine."

"Lakini wakinipea?"

"Hawatakupa, mami."

Mkutano ulikuwa katika hoteli moja, ghorofa ya tatu, chumba chenye zulia linalomeza miguu. Walimu wakuu walikaa kwenye meza za duara, kila mtu na chupa yake ya maji na peremende. Mimi nilipewa kiti nyuma karibu na mlango. Debra akasimama mbele na gauni lake la samawati, na nitasema ukweli, moyo wangu ulijaa. Aliongea bila karatasi.

"Mwalimu mkuu ambaye hajawahi kuketi na mtoto akamsikiliza akisoma, huyo hajui shule yake," alisema. "Anajua tu ripoti." Wakacheka, wakaandika. Akawaeleza jinsi walimu wake hukutana kila Jumanne kuzungumzia mtoto aliyekwama. Hawamkalii mtoto kikao kama kesi ya chifu. Wanatafuta ni wapi wao wamemwacha. Akawaambia makosa yake ya mwanzo, alivyowafokea walimu mpaka wakawa wanaandika alama za uongo ili awaache. Halafu akamwita Wanjugu.

Wanjugu alisoma kuku wa Mama Nzula tangu mwanzo hadi mwisho. Aligeuza ukurasa mahali pake. Walipiga makofi mpaka Harleen akasimama.

Mzee mmoja akainua mkono. Alikuwa Bwana Muigai, anaongoza shule upande wa Kinoo, mtu mpole mwenye sweta. "Binti, umenifurahisha," akasema. "Hebu nisaidie niwaonyeshe hawa wenzangu vile mtoto anakutana na maneno mapya." Akaenda kwenye ubao akaandika kwa herufi kubwa: Mvua ilinyesha tukaanua nguo.

Wanjugu akautazama ubao. Halafu akaanza kunitafuta. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyote vile mpaka yakanipata kule mlangoni, yakatua kwenye mdomo wangu. Na mimi, Mungu anisamehe, niliuchezesha. Mvua. Nilisema mvua bila sauti. Lakini nilikuwa mbali.

Akavuta pumzi, akaugeukia ubao, akaanza. "Mama Nzula alikuwa na kuku mmoja mweupe. Kuku huyo alipenda kulala chini ya kitanda..." Sauti yake ilikuwa nzuri, inapanda na kushuka vile tulivyofanya. Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha wa mtoto. Hakuna aliyecheka naye. Alisema yote, neno kwa neno, na alipofika "akamtafuta chini ya kitanda" mkono wake ukainuka ukageuza ukurasa hewani.

Debra alimwacha amalize. Kisha akachuchumaa mbele yake. "Inatosha, mami. Umejitahidi. Inatosha."

"Mtoto ameshtuka tu," Harleen akasema haraka. "Watu ni wengi, taa..."

"Hapana, madam. Hajui kusoma." Debra aliinuka. Alimtafuta kwa macho mwalimu wa Gredi ya Nne, kijana anayeitwa Ryan, ambaye alikuwa amekuja kubeba vitabu. "Mwalimu Ryan, mwezi huu ulimsikiliza?"

Ryan akasimama. "Nilimsikiliza, madam. Alisoma kitabu chake."

"Ukampa kingine?"

"Sikumpa."

"Kwa nini?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Madam, ni mtoto wako. Ningeandika nini?"

Walimu wakuu sitini wakaangalia chupa zao za maji. Nadhani kila mmoja alikuwa na mtoto wake wa aina hiyo kichwani.

"Basi andikeni hilo," Debra akawaambia. Alikuwa ameshika meza. "Nimeketi na watoto wa watu zaidi ya mia mbili, dakika moja kila mmoja. Wangu sijaketi naye hata hiyo moja. Na walimu wangu wananiogopa kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuniambia. Hiyo ndiyo shule ninayoongoza."

Alipiga simu ya teksi. Njiani Wanjugu alilala mapajani pangu, au alijifanya amelala. Tulipofika nyumbani Debra akamtuma kwa jirani, akafunga mlango.

"Mum, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku nilipomwonyesha pakiti ya unga anisomee, akashindwa. Na hata kabla, nadhani."

"Na Jumapili, uliposimama hapo mlangoni?"

"Nilikuja kukuambia."

Alikaa kwenye kochi na gauni lake la samawati. Laiti angenipigia kelele. "Ulinitazama nikikushukuru," akasema, "ukaniuliza mambo ya chapati."

Jumatatu Wanjugu akapelekwa kundi la mwanzo. Anakaa na watoto wa Gredi ya Pili, na kwa sababu ni mrefu kuwapita wote wakampa jina. Nilisikia mwenyewe nilipoenda kumchukua langoni. "Niaje Shosho! Shosho, kesho uje na miwani!" Nilidhani wananisalimu mimi, nikainua mkono. Kumbe ni yeye. Alipita kati yao bila kugeuka.

Debra aliomba ruhusa ya kutoka mapema. Siku hizi saa kumi na moja anakuwa mezani na mtoto, na herufi alizokata kwenye katoni. Aliniketisha akanieleza kwa upole, vile angemweleza mwalimu mgeni. "Mum, akikwama mwache akwame. Usimwambie neno. Hata moja. Kila ukimwambia, hatazami herufi, anakutazama wewe. Tumepoteza miaka miwili. Niahidi." Nikaahidi.

Alhamisi iliyopita Debra alichelewa, kulikuwa na mzazi ofisini kwake. Wanjugu akaanza peke yake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza namenya viazi. Nilimsikia akiunganisha, sha, mba, sha, mba, halafu akafika neno refu akasimama. Akarudi nyuma, akalijia tena, akasimama pale pale.

"Shosho, hii ni nini?"

Nililiona kutoka nilipokaa, hata likiwa limepinduka. Nikainama juu ya kiazi.

"Shosho, mwanzo tu. Mwisho nitajua mwenyewe."

Nikamenya.

"Shosho, umenikasirikia?"

Nilitaka kumwambia sijamkasirikia, siwezi. Lakini nilijua nikifungua mdomo neno litatoka lenyewe, nami nimeahidi. Nikaubana. Nikahisi macho yake pale, yakingoja, yakingoja tu, na mimi nikatazama maganda yanavyoanguka kwenye karai. Kisha kiti kikaburutwa sakafuni. Alikigeuza, akanipa mgongo, akainamia kitabu.

Debra alipoingia alimkuta hivyo. Akafurahi, akasema, "Vizuri, unajaribu peke yako!" Wakalipata lile neno pamoja, baada ya muda mrefu. Lilikuwa "wakulima".

Anaendelea vizuri, Debra anasema. Polepole. Sasa anaweza kusoma majina ya maduka tukipita. Lakini tangu Alhamisi ile hajaniuliza neno lolote, hata lisilo la kitabuni. Jana tulikuwa tunakula, mimi na yeye, na chumvi ilikuwa imewekwa mahali asipopajua. Alitazama huku na huku. Mimi nilikuwa kando yake, bega kwa bega. Akaweka kijiko chini, akangoja mama yake atoke bafuni.