Chembe Zisizogusana

Habari hii ya vumbi alinieleza mjukuu wangu Kornelia, Manyara ikiwa mkoa mpya, wiki ile aliyomzika mtoto wake mchanga hapa kwangu Mutuka.

Alikuwa anasoma fizikia chuoni Dar es Salaam, akaja kujifungulia kwangu. Tangu mazishi hakulia wala hakulala. Kilichomuuma zaidi ni majirani. Kwetu, nyumba iliyofiwa na kichanga haikanyagwi mpaka mwezi mwingine uandame, msiba usije ukabebwa kwa wenye mimba. Watu wanapaza pole wakiwa mbali. Nilimweleza, lakini yeye amekulia mjini, akaona ametengwa.

Mchana mmoja jirani yetu Bernadina alisimama ndani ya mahindi yake.

"Poleni, Kornelia! Umekula?"

"Njoo uone mwenyewe, Mama Leonsi! Au mimi nanuka?"

"Ningekuja, mwanangu. Mke wa Leonsi ana mimba."

Kornelia akamgeuzia mgongo. Nikamwekea ungo wa mahindi tuchambue.

"Hebu nieleze unachosoma huko. Ila polepole, darasa la tatu langu unalijua."

Akacheka puani. "Ni vumbi, bibi. Linatiwa ndani ya chupa yenye gesi iliyowashwa kwa umeme, inang'aa kama taa ndefu za dukani. Gesi hiyo inaitwa plazma. Kila chembe ya vumbi inajaa umeme, inazisukuma nyingine. Basi zinaelea zimejipanga, kila moja mahali pake." Akapanga punje kwa mistari, kama shamba.

"Hazigusani?"

"Hata kidogo."

"Upweke gani huo!"

"Lakini ukiisukuma moja," akasogeza punje ya pembeni, "ya pili inatikisika, halafu ya tatu. Zenyewe hazihami. Kinachosafiri ni ule msukumo, kama wimbi."

"Unafika mwisho?"

"Unafifia njiani. Gesi inaukaba."

Kidole chake kikabaki juu ya ile punje. Mara kilio kikamtoka, cha kwanza tangu kaburini.

Kule shambani Bernadina akatupa jembe, akalia naye, amesimama palepale. Nyumba iliyofuata jirani mwingine, Benadetha, akakipokea kilio, halafu kwa akina Damiani bondeni, sauti imekuwa nyembamba. Hakuna aliyevuka mpaka wa shamba lake.

Kornelia akanyamaza, akasikiliza.

"Bibi, huyo wa mwisho ni nani?"

"Ni kwa Damiani. Mbele ya hapo sisikii tena."

Akalaza kichwa mapajani mwangu, ungo ukapinduka. Sikuziokota punje. Jua lilikuwa bado juu alipolala, nami nikaegemea ukuta, mkono kichwani pake, mpaka usingizi ukanichukua.